Vichochoro vya Lamu havikujengwa kiholela

Kuna hii stori haiishi, eti Mji wa Kale wa Lamu una vichochoro vyembamba sababu watu wa zamani walijijengea tu bila plani. Hapana jamani.

Ukipita Mkomani, mtaa wa mji huo, saa saba mchana jua limewaka utaona mwenyewe, kuta ndefu za mawe ya matumbawe zinatupiana kivuli na huko chini unatembea bila kuungua, na punda akija na mzigo unajibanza kwenye daka la mtu, yaani kibaraza cha mlangoni, maisha yanaendelea. Gari hazikuwepo, sasa barabara pana ya nini?

Alafu kuna wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, mara nyingi ni mzee aliyetaka binti yake akiolewa akae jirani, so nyumba mbili zikaunganishwa huko juu. Hiyo ni plani, ila ya ukoo, sio ya kaunti.

Hata vyumba kuwa virefu na vyembamba sio umaskini, ni boriti za mikoko zinazobeba dari, zikizidi mita 3 hivi zinapinda.

UNESCO waliuingiza mji kwenye urithi wa dunia 2001, na mpangilio huu ni sehemu ya sababu.