Kafi, vyuma na ile imani ya "kila siku"

Mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, vijana huambiana kuwa mpiga kafi anayetaka mikono ya nguvu anyanyue vyuma kila siku, na bega likiuma asiache, eti ni asidi tu inatoka, ile ambayo msuli hutengeneza ukifanya kazi nzito. Imani hii ni ya miaka mingi, na inaumiza watu.

Asidi hiyo huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi ukipumzika. Maumivu yanayokuja kesho yake na kuzidi keshokutwa hutokana na michubuko midogo sana kwenye nyuzi za misuli. Msuli hujijenga wakati umepumzika, ndiyo maana hupewa takriban saa 48 kabla ya kubebeshwa mzigo mzito tena. Kano, zile zinazounganisha msuli na mfupa, hupata damu kidogo kuliko misuli, hivyo hupona polepole zaidi. Msuli unaweza kujisikia mzima huku kano bado inauguza jeraha.

Halafu kafi ni kazi ya kuvuta. Aliyevuta maji ya Tanganyika asubuhi nzima, jioni akavuta vyuma, amechosha mgongo na mkono uleule mara mbili. Siku hiyo heri afanye miguu, au pushapu chache. Kwa anayeingia ziwani kila siku, vyuma mara mbili kwa wiki vinatosha kabisa.

Maumivu yanayochoma sehemu moja ya bega, hasa usiku ukililalia, yapeleke kituo cha afya.