Kisukari na siri: nani lazima ajue

"Sista, dawa nakunywa, sindano nachoma, kliniki sikosi. Sasa mtu mwingine ajue wa nini?"

Maneno hayo nimeyasikia tena wiki hii, safari hii kwa baba wa makamo, fundi magari. Aliletwa kwa bajaji akiwa hajitambui. Vijana wake wa gereji walimwona anatoka jasho, anaropoka, anayumba, wakadhani kalewa asubuhi asubuhi, wakamlaza chini ya mwembe apumzike. Walikuwa wanamsitiri bosi wao. Hakuna hata mmoja aliyejua kuwa ana kisukari, na soda zilikuwa kwa mama ntilie, hatua chache kutoka pale alipolala.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari hapa Dar es Salaam. Imani hii, kwamba ukishatumia dawa basi ugonjwa ni siri yako isiyomhusu mtu, naikuta kwa wasomi na kwa wasiosoma, na imenichosha.

Presha mtu anaweza kuificha. Anameza kidonge chake chumbani, anatoka, siku inakwenda. Hata anayetumia vidonge vya kisukari vya metformini peke yake anaweza kuficha kwa muda, maana dawa hiyo ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Ukishaingia kwenye insulini, au kwenye glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari ambacho bado kinaandikwa sana kwa kuwa ni cha bei nafuu, mambo ni mengine. Dawa hizi zinashusha sukari ule usile. Ikifika chini ya 3.9 kwenye mashine ya kupimia (mmol/L) mwili unapiga kelele: kutetemeka, jasho, njaa kali, moyo kwenda mbio. Ikienda chini ya 3.0 ubongo unakosa chakula, na mtu anaanza kubisha, kutukana, kukataa kunywa anachopewa, kusinzia. Wakati anapotakiwa aseme "nina kisukari, nipeni sukari", ulimi haumtii tena. Na waliokwisha kushuka mara nyingi hupoteza hata ile dalili ya mwanzo. Hatetemeki, hatoki jasho, anakwenda moja kwa moja kwenye kuchanganyikiwa. Kwa hiyo ukiniambia "nitawaambia siku nikijisikia vibaya", nakuambia siku hiyo hutaweza.

(Na wale wanaosema "nina kisukari cha kushuka": kushuka si aina ya kisukari, jamani. Kwa anayetumia dawa hizi, kushuka ni dawa na chakula vimepishana. Tuendelee.)

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi, kwa sababu linaharibu matibabu polepole na hakuna anayeliona. Anayeficha sindano anachoma pale anapopata upenyo: choo cha ofisini, amesimama, shati kalishika kwa kidevu, sikio liko mlangoni. Paja hawezi, mpaka ateremshe suruali. Mkono hawezi, mpaka avue shati. Basi kila siku ni tumbo, upande uleule, pembeni ya kitovu. Miezi ikipita, mafuta ya chini ya ngozi pale yanavimba, panakuwa na kinundu kisichouma. Na kwa kuwa hakiumi, anapapenda zaidi. Insulini iliyochomwa kwenye kinundu haina mpango. Leo inachelewa kuingia kwenye damu, kesho inaingia kwa wingi. Mgonjwa anakuja kliniki na sukari 17, dozi inaongezwa. Mwezi ujao bado iko juu, inaongezwa tena. Halafu siku moja yuko likizo kijijini, ana faragha ya kutosha, anachoma pajani kwenye nyama nzima, na dozi ile kubwa iliyopangwa kwa ajili ya kinundu inamwangusha.

Ndiyo maana siulizi tu "unachoma wapi?" Jibu ni "tumboni" na haliniambii kitu. Nauliza "unachoma ukiwa wapi?" Hapo ndipo nasikia habari za chooni, za stoo, za nyuma ya gari. Kisha naomba kulipapasa tumbo. Ni kazi ya dakika moja, na inarukwa mno kabla ya dozi kuongezwa.

Kuna na suala la saa. Insulini ya mchanganyiko, ile yenye weupe wa maziwa, kwa kawaida inachomwa kama nusu saa kabla ya kula. Nenda nayo kwenye harusi zetu. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, maharusi wanaingia saa tatu, chakula kinafunguliwa saa tano usiku. Mmoja alichoma nyumbani kabla ya kutoka, anaanza kutoka jasho wakati wa utambulisho wa wajomba. Mwingine kaacha sindano nyumbani kwa aibu, kala pilau, kanywa soda mbili kwa kuwa hakutaka kuulizwa, karudi usiku wa manane akachoma dozi nzima na kulala peke yake. Wote wawili wako hatarini, na wote wawili wangesaidiwa na mwanakamati mmoja aliyenong'onezwa mapema: "Shangazi apate sahani yake saa mbili." Kamati inayoweza kupanga sare, ukumbi na matarumbeta haishindwi na sahani moja.

Ramadhani ni hivyohivyo. Wapo wanaofunga kinyume na tulivyoelewana, kwa sababu tu wakila mchana wifi atauliza. Dini imempa mgonjwa ruhusa, wao wanaikataa kuogopa maswali. Kama unafunga, pima mchana. Kutoboa kidole hakufunguzi, na wanazuoni wengi wamelisema hilo. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7, fungua hapohapo.

Wenye mabango husema aibu hii inatokana na ujinga, tukitoa elimu itakwisha. Sikubaliani. Wagonjwa wangu wana sababu, na wanazijua vizuri. Kisukari kisichodhibitiwa kinakondesha, na mtaani mtu akikonda ghafla wameshampima kwa macho na kumpa majibu ya UKIMWI. Kijana akionekana na bomba la sindano kwenye begi la chuo anaitwa teja. Binti anayepata fangasi kila mara, kwa sababu sukari iko juu, anashukiwa na mumewe. Na wanaume, tuseme wazi, wanaogopa jambo moja kuliko figo na macho. Wanajua kwamba wakisema "nina kisukari", anayesikia anafikiria chumbani. Ni kweli kisukari kinaweza kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu hata kule. Ni kweli pia kwamba si kila mwanaume mwenye kisukari anapata tatizo hilo, kwamba dawa za presha na msongo wa mawazo vinaweza kulisababisha, na kwamba lina matibabu. Lakini akinyamaza, mke anahitimisha kuwa kuna mwanamke mwingine, naye mume anahitimisha kuwa bora unga wa nguvu za kiume wa barabarani, usiojulikana umechanganywa na nini. Nimeona ndoa zikiyumba kwa jambo ambalo mazungumzo ya nusu saa, mbele ya muuguzi, yangelipoza.

Sisi wa kliniki tunaiongeza aibu hii, na hili nalisema kwa uchungu. Foleni imejaa, mtu kapimwa, na sauti inatoka dirishani: "Kumi na nane! Mama, umekula nini jana?" Watu arobaini wanageuka. Mama yule mwezi ujao anakuja na daftari zuri ajabu: 6, 6, 7, 6, 7, kalamu moja, wino uleule, mwandiko umenyooka tangu tarehe mosi hadi tarehe thelathini. Daftari la kweli ninalijua. Lina doa la damu pembeni, lina mafuta ya maandazi, lina siku zimerukwa na 14 iliyoandikwa kwa hasira. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kinakuja kusema ukweli ambao daftari limeuficha, nasi tunamkaripia tena. Nani kamfundisha kuficha kama si sisi? Wenzetu wa kliniki za VVU wametuacha mbali hapa. Kule kumwambia mwenza ni sehemu ya matibabu, kuna washauri, mtu anaandaliwa maneno. Huku kwetu anapewa vidonge na karatasi ya vyakula, anaambiwa "punguza wanga", anarudi nyumbani ambako anayepika ni mtu mwingine asiyejua lolote.

Lakini siungi mkono ile kampeni ya kila mtu ajitangaze. Naona vijana wanaambiwa wavae fulana, wapige picha na sindano, waseme "sioni aibu". Anayetaka na afanye, na baraka zangu anazo. Nacho Fernández, beki aliyekuwa nahodha wa Real Madrid, aligunduliwa na kisukari aina ya kwanza akiwa na miaka 12 na daktari akamwambia mpira basi. Aliendelea, na vijana wangu wapenda mpira wakisikia habari zake wanakaa sawa kwenye kiti. Alexander Zverev wa tenisi alieleza hadharani mwaka 2022, na mwaka 2023 akalalamika kwamba wasimamizi wa mashindano ya wazi ya Ufaransa walimtaka asichome insulini uwanjani. Ikiwa nyota wa kiwango kile aliambiwa hivyo, namwambiaje dada wa kazi za ndani asimame mbele ya tajiri wake na kutangaza? Dereva wa basi je? Anaweza kupoteza kazi, na bila mshahara hanunui stripu za kupimia sukari wala chakula cha kulinda dozi yake. Kwa dereva nasimama upande wa abiria, nataka kampuni ijue, na bado najua ninachomwomba. Kwa dada wa kazi sina jibu moja. Wengine nimewashauri waanze na jirani.

Kuna shaka nyingine. Kliniki kwangu waliosema nyumbani sukari zao ni nzuri kuliko za waliofanya siri. Ningependa kusema ni uwazi umewaponya, lakini huenda mambo yako kinyume: mwenye mume mwelewa na kazi ya uhakika ndiye anayethubutu kusema, na ndiye ambaye sukari yake ingetulia kwa vyovyote.

Ninachokishikilia bila shaka ni orodha fupi. Anayelala nyumba moja na wewe ajue. Anayepika ajue. Mtu mmoja mnayeshinda naye kazini ajue, na akiwa zamu tofauti, wawili. Ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako wakubwa wajue, kwa sababu aina ya pili inatembea kwenye familia, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari Afrika hawajijui. Ukimficha kaka yako umemnyima sababu ya kwenda kupima. Mchungaji, majirani wote, kikundi cha WhatsApp cha ukoo, hiyo ni hiari yako.

Wala huhitaji hotuba. Yule fundi tulimwandalia maneno, akayafanyia mazoezi mbele yangu mpaka yakamtoka bila kuinamisha kichwa: "Vijana, nina kisukari. Mkiniona natoka jasho au naongea ovyo, sijalewa. Nipeni nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, au vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji. Mkae na mimi robo saa. Nisipokaa sawa mnirudishie. Nikikaa sawa, nileteeni chakula. Nikiwa sijitambui msinimiminie kitu mdomoni, nitapaliwa. Nilazeni ubavu, nipelekeni hospitali." Kwa wanaotumia glibenklamidi naongeza jambo moja, waambiwe hasa wanaoishi na wazee na wenye figo dhaifu: hata akiamka na kuongea vizuri, mpelekeni. Dawa ile inakaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena usiku wakati kila mtu amelala.