Kusinzia si sababu ya kutupa dawa ya kifafa

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Panzi, utasikia watu wakisema: dawa ya kifafa inamlaza mtoto mchana kutwa, inaharibu akili yake, afadhali aache. Na wazazi wengine huiachisha kweli, mara moja, bila kumuuliza mganga wa hospitali. Hapo ndipo penye hatari.

Usingizi huo upo, si wa kubuni. Fenobarbitali, inayotumika kwa kifafa tangu 1912 na iliyo nafuu kuliko dawa nyingi, hutuliza ubongo mzima, si mahali kifafa kinapoanzia tu. Mwanzoni mtu husinzia, kisha wengi huzoea. Kwa kuwa hukaa mwilini siku kadhaa, watu wazima kwa kawaida huinywa mara moja, jioni, ili uzito wake uangukie usiku. Usingizi ukizidi, mganga hupunguza kipimo au hubadilisha dawa polepole. Kuikata ghafla kunaweza kuleta vifafa mfululizo visivyokatika, na hivyo huua.

Wala si kila dawa hulaza: lamotrijini huwanyima wengine usingizi. Tena kuna mwanafunzi anayesinzia darasani, naye asubuhi aliamka ulimi umeng'atwa na shuka limelowa mkojo. Huyo huenda alishikwa na kifafa usiku, lakini nyumbani wanalaumu dawa. Mwelezeni mganga hayo yote. Na penye kilio au maombi ya usiku kucha, mgonjwa mwacheni akalale. Kukesha huamsha kifafa hata kwa anayemeza dawa yake sawasawa.