Kabla ya maji kuna mzigo

Mtungi wa chuma wa lita 12 ukishajazwa hewa hupata kilo 17 hivi. Kwenye mashimo ya maji ya Yucatán, Meksiko, nilikojifunza kupiga mbizi mapangoni, gari huegeshwa juu na unashuka ngazi chache tu hadi majini. Sasa chukua mtungi huohuo, uuteremshe kwa kamba mita 800 ndani ya mlima, chini ya maporomoko na kwenye nyufa za kupita kiubavu, kwa siku kadhaa. Na ukumbuke kwamba utarudi nao juu.

Ndiyo maana napenda kuanza na mzigo ninapoeleza sampu. Sampu ni mahali ambapo dari ya pango imeshuka ikazama, njia ikajaa maji bila hata upenyo wa hewa. Wasiopiga mbizi hugeukia hapo. Sisi tunaingia, kwa sababu mara nyingi dari huinuka tena upande wa pili na pango linaendelea.

Baharini ukipata shida unaibuka. Humu, ukiibuka, kichwa kinakutana na jiwe. Kwa hiyo hewa tunaigawa mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na ya mwisho haiguswi, ni ya siku ambayo kifaa chako au cha mwenzako kitakufa. Fanya hesabu. Mtu aliyetulia hupumua lita 20 hivi kwa dakika. Kila mita 10 za maji huongeza presha inayokaribia ile ya angahewa yote, kwa hiyo kwenye mita 80 presha ni mara tisa ya ile ya juu, na pumzi zilezile hula lita 180 kwa dakika. Mtungi wa lita 12 wenye presha ya bar 200, yaani karibu mara 200 ya ile ya angahewa, una lita 2,400 za hewa. Theluthi yake ni 800: dakika nne na kidogo za kwenda mbele. Ukitaka dakika arobaini, hesabu mwenyewe mabega yanayohitajika.

Hesabu hii ndiyo iliyowakwamisha wachunguzi wa pango la Sistema Huautla, katika milima ya Wamazateki huko Oaxaca, Meksiko, mbele ya sampu ya San Agustín. Mhandisi Mmarekani, Bill Stone, aliona kuwa kuongeza mitungi si jibu. Akaunda kifaa cha kuzungusha pumzi: hewa unayoitoa haipotei kwa mapovu, bali hupita kwenye chembe za chokaa ya soda zinazonyonya kaboni dayoksaidi, kisha huongezewa oksijeni kidogo. Mwili wenyewe hutumia lita moja au moja na nusu tu ya oksijeni kwa dakika, uwe mita 5 au mita 80. Mwaka 1987, kwenye chemchemi ya Wakulla, Florida, Stone alikaa chini ya maji saa 24 akitumia kifaa hicho.

Mwaka 1994 timu yake ilikifikisha San Agustín. Mwingereza Ian Rolland alifia humo mwezi Machi. Baadaye Stone na mwenzake Barbara am Ende walivuka, wakachunguza ng'ambo kwa siku kadhaa, hadi sampu nyingine ikawasimamisha. Mwaka 2013 mpiga mbizi Jason Mallinson alizama mita 81 katika sampu hiyo, na kina cha pango kikafika mita 1,545.

Kifaa hiki nakipenda na kukiogopa kwa kiasi kilekile. Mwili huhisi kaboni dayoksaidi ikizidi; oksijeni ikipungua haukupi onyo la kutegemewa. Mtu anaweza kuzimika akiwa ametulia kabisa. Kwa hiyo macho hayabanduki kwenye kipimo, na mitungi ya akiba bado inabebwa. Mzigo umepungua, haujaisha.

Halafu kuna tope. Katika mafunzo niligusa sakafu kwa pezi mara moja tu. Taa yangu ikageuka ukungu wa rangi ya chai, kisha giza. Nilikuwa na uzi wa mwongozo katikati ya kidole gumba na cha shahada, nikaufuata hadi nje. Tangu siku ile siungi uzi kwenye jiwe bila kuuvuta mara mbili.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hawalitarajii ni kwamba hatari haiishii unapotoka majini. Naitrojeni ya hewa uliyopumua chini ya presha bado imeyeyuka mwilini, na mbele yako kuna mamia ya mita za kamba za kukwea. Kukwea ni kazi nzito, na kila unavyopanda presha ya hewa inashuka; vyote viwili huweza kuamsha mapovu kwenye damu. Basi tunavua suti, tunavaa nguo kavu, tunapika uji, tunalala kambini humohumo gizani. Mifuko ya kwanza ya mitungi tunaifunga kwenye kamba siku inayofuata.