Mputa ni native, sawa, lakini wa ziwa gani?

Wengi wanaosoma ripoti zetu za samaki wanachukua native na endemic kama kitu kimoja, eti yote ni samaki wa asili basi, na hapo ndipo mkutano wa wavuvi huharibika. Native ni kiumbe aliyefika mahali bila binadamu kumleta, na anaweza kuwa native wa nchi hata ishirini. Endemic ni yule ambaye kwa asili haishi kwingine kokote duniani, ni hapo tu. Madaktari wakisema malaria ni endemic Uganda wanamaanisha ipo siku zote, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sasa chukua mputa, wengine mnamwita sangara. Ziwa Albert na Nile iliyo chini ya maporomoko ya Murchison ni kwao tangu zamani, tena yuko Turkana, Chad, Niger mpaka Senegal, kwa hiyo endemic siye. Lakini Victoria si kwao! Maporomoko yalimzuia kupanda, ni watu ndio walimbeba wakamwaga kwenye maziwa ya Kyoga na Victoria kuanzia miaka ya 1950. Mtu akikwambia mputa ni native wa Uganda hajadanganya, ila muulize ziwa gani, manake samaki hajui mipaka ya nchi.

Ngege, yaani tilapia, nao wanachanganya watu, hao wengi mnaonunua sokoni leo ni wa Nile, waliletwa Victoria miaka hiyo hiyo, ngege wa zamani ndiye endemic wa bonde la Victoria na Kyoga, yaani ni wetu pamoja na Kenya na Tanzania.

Halafu nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani. Mamia ya aina, karibu zote endemic, na mputa walivyoongezeka miaka ya 1980 wakazila, aina nyingi hazijaonekana tena. Mputa akiisha Victoria, Albert yuko. Nkejje ya Victoria ikiisha mbegu utaomba wapi?

Ndiyo maana tunasumbua watu kuhusu maziwa madogo kama Kayanja na Kayugi karibu na Nabugabo, ziwa lililo kando ya Victoria. Katika maziwa hayo madogo watafiti walikuta nkejje ambazo Nabugabo yenyewe mputa alishazimaliza au kuzipunguza sana. Ukinunua vifaranga vya samaki weka kwa bwawa lako, hata kama muuzaji anaapa ni native usimwage ziwani, kwanza ongea na afisa wa uvuvi wa wilaya.