Pombe ya ndizi ni ya nani?

Kile kikaratasi kinachobandikwa ukutani pembeni ya picha, chenye jina la mchoraji, mwaka na mistari mitatu minne ya maelezo, kuna mtu anakaa mezani kukiandika. Kwenye jumba letu la sanaa hapa Arusha, mtu huyo ni mimi. Wageni wengi husoma kikaratasi kwanza, picha baadaye, kwa hiyo nikikosea mimi, picha nayo imeponzwa.

Kabla sijaandika neno, naigeuza picha nitazame mgongo. Mwezi uliopita kijana mmoja alituletea "Tingatinga halisi": simba kwenye kitambaa, kimeviringishwa kama mkeka. Kwenye kona kuna sahihi, E. S. Tingatinga. Huyo simba sikuhitaji hata kumtazama. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kutua Dar es Salaam, alianza kuchora mwaka 1968. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliodhani wanafukuza wezi. Miaka minne tu, basi. Na alichora juu ya hadibodi, vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kwa 60, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Kitambaa kilikuja baadaye, watalii walipotaka kitu cha kuviringisha na kutia kwenye begi. Nilimwambia kijana simba wake ni mzuri, amuuze kwa jina la aliyemchora. Hakufurahi.

(Watoto wa shule wakisikia jina hilo huangua kicheko, wanadhani tunaongelea mtambo wa kuchonga barabara. Siwalaumu.)

Ila kosa ninalotaka kulieleza leo ni langu mwenyewe, na linamhusu Sam Ntiro.

Ntiro alizaliwa Machame, mteremkoni mwa Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mtu aliyepita shule kama hizo ungetegemea achore kwa kanuni za huko: kivuli hapa, umbali pale, cha mbali kiwe kidogo. Hakutaka. Alichora maisha ya kijijini, watu wengi kazini pamoja, na mandhari iliyolala bapa juu ya picha. Wapo walioona huo ni udhaifu. Mimi nawaambia waende Machame, wasimame ukingoni mwa korongo, watazame kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilicho ng'ambo. Mteremko wote umesimama mbele yako kama ukuta: migomba juu, nyumba katikati, watu chini, hakuna aliyejificha nyuma ya mwenzake. Nadhani Ntiro hakuwahi kuacha kutazama kutokea pale.

Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York, na iko huko mpaka leo. Sisi tulitundika nakala iliyochapishwa, nami nikaandika chini yake, kwa kujiamini kabisa: "Wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi."

Akaja mzee mmoja wa Machame, alikuwa mjini kumwona binti yake. Alisimama pale muda mrefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa kaandika nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Mwanangu, pombe ya ndizi ni ya nani?"

Nikajibu ni ya Wachagga.

"Wachagga wanakunywa mbege."

Nilitamani sakafu inimeze. Jina la picha lilitolewa kwa Kiingereza, "banana beer", na msomaji wa New York huwezi kumwandikia mbege akakuelewa. Lakini mimi niko Arusha! Nimechukua neno la Kiingereza nikalirudisha kwa Kiswahili, wakati neno lenyewe lilikuwa nyumbani siku zote.

Mzee alivuta kiti, akanipa somo. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Hivyo viwili ndivyo vinakutanishwa, na gamba la mti wa msesewe linatia uchungu, la sivyo unakunywa juisi. Kisha akagusa kioo cha fremu, kidole kikaacha alama, nikanyamaza. "Hawa hawaendi kunywa. Wanaenda kuongea." Kwa Wachagga mbege ni sehemu ya mahari, huwezi kufika ukweni mikono mitupu ukaanza kusema habari za binti wa watu. Kibuyu kinatangulia, maneno yanafuata.

Nimeandika kikaratasi kipya. Mbege imo, ulezi umo, msesewe umo, na ukweni pia. Kimekuwa kirefu kuliko tunavyoruhusu, fundi wa fremu amelalamika.

Juzi nikiwa mezani nikamsikia mwongoza watalii akiwaeleza wageni wake kwamba msesewe ni aina fulani ya ndizi. Nimempigia simu binti wa yule mzee. Kipande cha gamba kinakuja Jumamosi na basi la Moshi, nitakiweka kwenye sahani chini ya picha, atakayetaka alambe.