Je, wajua kwa nini ukurasa ulioondolewa Google hurudi baada ya miezi sita?

Mwalimu mmoja wa sekondari alinipigia simu usiku akiwa amehamanika. Kwenye tovuti ya shule yao kulikuwa kumepandishwa faili la PDF la wanafunzi wa kidato cha kwanza: majina ya watoto, majina ya wazazi, na namba za simu za wazazi hao. Mama mmoja alikuwa ameandika jina lake Google, akaikuta namba yake hapo hapo kwenye matokeo, kando ya jina la mwanawe.

Tuliingia Search Console, huduma ya bure ambayo Google humpa mwenye tovuti akishathibitisha kuwa tovuti ni yake. Kuna sehemu ya maombi ya kuondoa kurasa. Unabandika anwani, unachagua iondolewe kwa muda, unatuma. Kwa kawaida ombi hushughulikiwa ndani ya siku moja. Kesho yake faili halikuonekana tena, mwalimu akashusha pumzi, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Baada ya nusu mwaka likaibuka.

Unapoandika neno Google, haianzi kuzunguka intaneti nzima wakati huo. Inatazama faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazozijua, ambayo roboti wake, Googlebot, huijaza kwa kupita kurasa kwa kurasa akifuata viungo. Ombi la kuondoa kwa muda haligusi faili lililoko kwenye seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, wala halimkatazi Googlebot kupita. Linasema tu kwamba anwani hii isionyeshwe. Zuio hilo hudumu takribani miezi sita, kisha linakwisha lenyewe. Na hata kabla halijaisha, aliye na kiungo analifungua faili kama kawaida. Bing, mtambo mwingine wa kutafutia, nayo haina habari na ombi ulilotuma Google. Ina utaratibu wake, na wenyewe pia ni wa muda.

Mbona Google isilifute kabisa? Kwa sababu faili si lake. Anayeamua libaki au litoke ni mwenye tovuti, na ile miezi sita ni nafasi anayopewa afanye kazi hiyo.

Kazi hiyo ndiyo haikufanyika, na inaniuma hadi leo kwamba sikurudi kukagua. Kijana anayeshughulikia kompyuta za shule, kwa nia njema kabisa, aliliacha faili mahali pake akaongeza mstari kwenye robots.txt, faili dogo la maagizo kwa roboti, kuwazuia roboti wasiingie kwenye folda ile. Utaratibu wa robots.txt ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, na kazi yake ni kuwaambia roboti wapi wasisome. Haukatazi anwani kuwekwa kwenye faharasa. Ukurasa wa habari wa shule ulikuwa bado na kiungo kinachoelekea kwenye faili lile, kwa hiyo Google iliendelea kujua kwamba lipo. Zuio lilipokwisha, anwani ilirudi kwenye matokeo bila maelezo yoyote chini yake. Ukiibofya, namba zote hizo hapo.

Ubaya zaidi, ukimfungia Googlebot mlango kwa robots.txt, hata ukiweka agizo la noindex, lile linalosema ukurasa usiorodheshwe, hataliona. Ili alitii, lazima kwanza aruhusiwe kuingia alisome.

Mara ya pili tulianzia kwenye seva. Faili likafutwa, na anayelifungua akawa anajibiwa 404, yaani halipo. Kiungo kwenye ukurasa wa habari kikatolewa. Ule mstari wa robots.txt tukauondoa, Googlebot aje ajionee mwenyewe. Ndipo tukatuma ombi jipya la kuondoa kwa muda, ili pasionekane kitu wakati faharasa ikisubiri kusahihishwa.

Shule ilitaka wazazi waendelee kuiona orodha. Tukaiweka upya nyuma ya nenosiri, safari hii bila namba za simu. Kama ingebaki wazi, noindex ingebidi itumwe na seva kupitia X-Robots-Tag, agizo linalotangulizwa na seva kabla ya faili lenyewe, maana PDF haina sehemu ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ya kuandikia agizo hilo.

Miezi sita mingine ilipotimia nilitafuta jina la shule pamoja na neno orodha, kisha nikabandika anwani ya zamani moja kwa moja kwenye kivinjari. Ikajibu 404.